Sigara ya Kielektroniki Katika Sehemu za Pamoja: Sheria Inasemaje, na Dini Inatufundisha Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Katika vipindi vya fiqhi vya madarasa ya juu kuna swali ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara. Mwanafunzi husema: "Ustadh, hii sigara ya kielektroniki haitoi moshi, na sheria ya nchi haijaitaja. Sasa mtu akiitumia ndani ya kifodi au ukumbini, amekosa nini?"

Swali hili si la kupuuzwa. Muulizaji amejenga hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Ndani yake mna mambo matatu: Je, kweli hakuna kinachotoka? Je, sheria inasemaje? Na je, jambo lisilotajwa na sheria huwa ruhusa kulifanya mbele za watu? Inshaallah makala haya yatayachukua mambo hayo moja baada ya jingine.

1. NI KITU GANI HIKI?

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi huiita vepu, ni kifaa kidogo chenye betri, waya unaopata moto, na kimiminika. Mtu akivuta, betri huupasha moto ule waya, nao huchemsha kimiminika mpaka kikageuka ukungu. Ukungu huo huingia kifuani, na sehemu yake hutolewa nje kwa pumzi. Vingine vimetengenezwa kwa umbo la kalamu na vingine kwa umbo la flashi ya kompyuta, kiasi kwamba mzazi anaweza kukiona mezani asijue ni nini.

Kimiminika chenyewe kwa kawaida huwa na propilini glaikoli, gliserini, vionjo vya matunda au mnanaa, na mara nyingi nikotini. Nikotini ndiyo ile ile iliyomo kwenye tumbaku, nayo ndiyo inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Kionjo cha embe hakiipunguzi nikotini hata kidogo. Kinachofanya ni kuificha tu, ili mtu ambaye asingeweza kuvumilia ukali wa sigara avute bila kukohoa. Anayenufaika na ufichaji huo ni muuzaji, na anayelengwa zaidi ni kijana.

Watu husema kile kinachotoka ni mvuke tu, kama wa maji ya chai. Si kweli. Mvuke wa chai ni maji. Ukungu huu una chembechembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu, una nikotini, na unaweza kuwa na madini kama nikeli na risasi yanayotoka kwenye ule waya. Tena kimiminika kikipata moto mkali huweza kutoa fomaldehaidi, kemikali ambayo ndiyo inayotengenezewa dawa ya kuhifadhia maiti.

Mwaka 2018 Taasisi za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilitoa ripoti kubwa baada ya kupitia tafiti zilizokuwepo. Ripoti hiyo ilisema kuna ushahidi usio na shaka kwamba mtu akitumia kifaa hiki ndani ya nyumba, chembechembe na nikotini katika hewa ya humo huongezeka. Ni haki tuseme pia kwamba kiasi chake ni kidogo kuliko cha sigara ya kawaida. Lakini kidogo si sawa na hakuna. Mwenye kutumia amechagua mwenyewe, ama aliyekaa pembeni yake hakuchagua.

Fikirieni kifodi kutoka Terrat kwenda mjini asubuhi ya mwezi wa Julai. Baridi ya Arusha tunaijua. Abiria wamebanana na vioo vyote vimefungwa. Ndani mna mama mjamzito, mna mtoto mwenye pumu na mna mzee mwenye kifua. Mtu mmoja akitoa ukungu humo, hewa hiyo wataigawana wote mpaka mwisho wa safari.

2. SHERIA YETU YA MWAKA 2003

Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Sheria hii inakataza kuvuta tumbaku katika sehemu za umma, isipokuwa pale palipotengwa kwa ajili hiyo, na inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwaka huo huo wa 2003, nchi za dunia zilipitisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Kifungu cha 8 cha mkataba huo kinazitaka nchi kuwalinda watu dhidi ya moshi wa tumbaku katika sehemu za kazi za ndani, vyombo vya usafiri wa umma na sehemu nyingine za umma za ndani. Na tangu mwaka 2021 usimamizi wa bidhaa za tumbaku hapa nchini uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA.

Sasa zingatieni jambo moja. Mwaka huo huo wa 2003, huko China, mfamasia aitwaye Hon Lik alitengeneza sigara ya kielektroniki ya namna tunayoiona leo. Kwa hiyo sheria yetu, ule mkataba na kifaa hiki vyote ni vya mwaka mmoja. Walioandika sheria walikuwa na sigara, kiko na ugoro mbele ya macho yao. Kifaa cha betri chenye harufu ya sitroberi hawakukiona, wala hawakukitaja.

Hapa ndipo hoja ya mwanafunzi wetu ilipozaliwa. Mwenye kifaa husema: "Sheria inazungumzia tumbaku, na mimi sina jani la tumbaku." Mwingine aweza kumjibu kwamba nikotini iliyomo hutokana na tumbaku. Naye atarudi kusema kuwa siku hizi nikotini hutengenezwa pia viwandani bila tumbaku, na kwamba chake yeye hakina nikotini kabisa. Mabishano kama hayo yanaweza kuchukua siku nzima mahakamani. Kondakta wa kifodi hana siku nzima, wala mtoto mwenye pumu hana. Sheria nzuri ya sehemu za pamoja ni ile ambayo kila mtu anaielewa papo hapo, bila ya kuhitaji kupima kilichomo ndani ya chupa.

Serikali yetu imewahi kuonyesha kwamba jambo jipya likidhuru linaweza kushughulikiwa. Mwaka 2016 ilitangaza kupiga marufuku shisha, ambayo nayo ilikuja na vionjo vya matunda na ikadaiwa kuwa haina madhara kwa sababu moshi wake hupita kwenye maji.

3. MAJIRANI ZETU NA NCHI NYINGINE

Hapa Arusha ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini nchi za Jumuiya hazijafuata njia moja katika suala hili. Ukitazama nchi mbalimbali utaona njia tatu.

(i) Kukataza kifaa chenyewe. Hii ndiyo njia ya Uganda. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 19 Mei 2016, ilikataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Vile vile ilikataza kuvuta ndani ya sehemu zote za umma, sehemu za kazi na vyombo vya usafiri, na hata ndani ya mita 50 kutoka sehemu hizo. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda iliipinga sheria hiyo, lakini Mahakama ya Katiba ya Uganda iliitupa kesi hiyo mwaka 2019. Oman, ambako wanaishi ndugu zetu wengi wenye kuzungumza Kiswahili, nayo ilikataza biashara ya sigara na shisha za kielektroniki mwaka 2015, na mwaka 2023 ikatoa uamuzi mpya wa kulikazia katazo hilo.

(ii) Kupanua maana ya neno "kuvuta". Hapa kifaa hakikatazwi kuuzwa, bali sheria inasema wazi kwamba kukitumia ni sawa na kuvuta sigara, hivyo pale pasiporuhusiwa sigara nacho hakiruhusiwi. Marekani walifanya hivyo kwa upande wa ndege. Kuvuta sigara ndani ya ndege kulikuwa kumekwisha katazwa, wakaja watu na hoja ile ile kwamba hiki si sigara. Mwaka 2016 Wizara ya Uchukuzi ya huko ikatoa kanuni iliyosema wazi kwamba katazo linahusu na sigara za kielektroniki, mabishano yakaisha. Jirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ya tumbaku ni ya mwaka 2007, nao walipeleka muswada kwenye Seneti mwaka 2024 ili bidhaa hizi mpya ziingizwe wazi ndani ya sheria.

(iii) Kuwaachia wenye majengo. Uingereza ilipokataza uvutaji wa sigara ndani ya sehemu za umma mwaka 2007, katazo lile halikuhusu vifaa hivi. Imekuwa kazi ya wenye maduka, shule na makampuni ya mabasi kuweka kanuni zao wenyewe, na wengi wameziweka. Pamoja na kuwa nchi hiyo imevikubali vifaa hivi kwa watu wazima wanaotaka kuacha sigara, mwaka 2015 ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na tarehe 1 Juni 2025 ilikataza kuuza vile vya kutumia na kutupa.

Tumeyataja haya ili mwanafunzi aone kwamba katika nchi zote hizo, wenye njia kali na wenye njia laini, wote wanakubali jambo moja, nalo ni kwamba hewa ya ndani ya sehemu ya pamoja si mali ya mtu mmoja. Wametofautiana katika namna ya kuilinda tu.

4. KITUNGUU SAUMU NA MSIKITI

Sasa tuje kwenye dini yetu. Wengi hudhani mjadala unaanza na kuisha kwa swali moja: je, ni haramu? Wanazuoni walitofautiana sana kuhusu tumbaku ilipoingia nchi za Kiislamu yapata mwaka 1000 Hijria. Sultani Murad wa Nne wa Dola ya Uthmaniya aliipiga marufuku mwaka 1633, ilhali Sheikh Abdulghani An-Nabulsi wa Damascus, katika karne hiyo hiyo, aliandika kuwa ni halali. Baadaye madhara yalipothibitishwa na madaktari, wanazuoni wengi wa zama zetu wameharamisha, wakitegemea makatazo ya Qur'an ya kujitia katika maangamizo (Al-Baqarah, 2:195) na ya kujiua (An-Nisaa, 4:29).

Lakini swali letu leo ni la sehemu za pamoja, na kwa swali hilo tunayo mafundisho ya moja kwa moja. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.), Mtume (S.A.W.) alimwamrisha aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kuutenga msikiti na kubaki nyumbani kwake. Katika mapokezi ya Muslim imeongezwa sababu yake, kwamba Malaika huudhika na yale yanayowaudhi wanadamu. Naye Umar (R.A.) katika khutba yake aliwakumbusha watu kuwa zamani mtu alipokutwa na harufu hiyo msikitini aliamrishwa atolewe mpaka Baqii, na akasema anayevila avipike kwanza ili aiue harufu yake.

Je, kitunguu saumu ni haramu? Hasha! Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.) kwamba baada ya vita vya Khaybar, watu walidhani kuwa kimeharamishwa, na Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa yeye haharamishi alichokihalalisha Mwenyezi Mungu, bali ni mmea ambao harufu yake haipendi.

Hili ndilo jibu la swali letu. Kitu chaweza kuwa halali kabisa nyumbani kwako, na kikazuiliwa pale mnapokusanyika na wenzako. Kwa hiyo anayesema "haijakatazwa" hajamaliza maneno.

Wanafunzi wa usul fiqhi waliosoma qiyas na wazipange nguzo zake nne:

- Asl: kitunguu kibichi.
- Far'u: ukungu wa sigara ya kielektroniki.
- Illa: kuwaudhi waliohudhuria.
- Hukmu: kukizuia katika mkusanyiko.

Tena far'u hapa ina nguvu kuliko asl, kwa sababu harufu ya kitunguu huudhi pua tu, ama ukungu huu huingia kwenye mapafu ya jirani. Ikiwa lililo jepesi limezuiliwa, lililo zito linastahiki zaidi.

5. WATU WA JAHAZI

Kuna anayesema: "Mapafu ni yangu, pesa ni yangu, na siti nimeilipia." Jibu lake limo katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (R.A.) iliyopokelewa na Bukhari. Humo Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliogawana nafasi katika jahazi kwa kura, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipoona wanawasumbua wa juu kila wanapopanda kuchota maji, wakaona watoboe sehemu yao. Wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote.

Aliyetaka kutoboa hakuwa amechukua nafasi ya mtu. Alitoboa pake, lakini maji hayajui mipaka ya kura. Vivyo hivyo hewa ya darasa, bweni, ofisi na kifodi haijui mipaka ya siti. Ndiyo maana kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana ni miongoni mwa misingi mikubwa ya fiqhi.

6. "LAKINI HUSAIDIA KUACHA SIGARA"

Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai tuikatae kwa hasira. Wapo watu wazima waliokuwa wakivuta sigara miaka mingi ambao wameziacha kwa kupitia kifaa hiki, na wapo madaktari katika baadhi ya nchi wanaokishauri kwa mtu wa namna hiyo. Hilo ni suala lake na daktari wake.

Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, dawa ya mtu mmoja si lazima inyweshwe abiria wote. Anayejitibu anaweza kutoka nje. Pili, mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kuvuta sigara hana anachokiacha. Kwake kifaa hiki si mlango wa kutokea, bali ni mlango wa kuingilia. Ubongo wa binadamu huendelea kukua mpaka yapata umri wa miaka 25, na nikotini katika umri huo hugusa sehemu za ubongo zinazohusika na kuzingatia, kujifunza na kujizuia. Hizo ndizo zana za mwanafunzi, iwe anahifadhi juzuu au anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne.

7. TUFANYE NINI?

Kurekebisha sheria ni kazi ya Bunge, na tunaomba wahusika walione jambo hili. Lakini sisi hatuna haja ya kukaa tukisubiri, kwa sababu kila sehemu ya pamoja ina mwenyewe.

(i) Kamati za misikiti, walimu wakuu, wenye kumbi, maduka na vifodi wanaweza kuweka tangazo leo. Maneno yawe mapana ili yasiache mwanya, kwa mfano: "Hairuhusiwi kuvuta wala kutoa moshi, mvuke au ukungu wa aina yoyote ndani ya sehemu hii, iwe kwa tumbaku, shisha au kifaa cha betri." Tangazo hili halihitaji mtu kubishana kuhusu kilichomo ndani ya kimiminika.

(ii) Mzazi ajue umbo la vifaa hivi, na aulize kwa upole anapokiona kitu kama kalamu isiyoandika, au anaposikia harufu ya matunda chumbani kusiko na matunda.

(iii) Mtoto akipatikana nacho, tusianze na fimbo wala kumfukuza shule. Nikotini humfunga mtu, na aliyefungwa anahitaji wa kumfungua. Kaeni naye, mjue amekipata wapi, na mpelekeni hospitali ikiwa ameshindwa kuacha. Tukimfukuza, tutakuwa tumempeleka pale pale kinapouzwa, akiwa na siku nzima mkononi na hana kitabu.

(iv) Mwanafunzi anayepewa na mwenzake ajue kuwa kukataa si woga. Aseme "sitaki" na aondoke, kisha amwambie mtu mzima anayemwamini.

(v) Ukimkuta mtu anatumia ndani ya chombo cha usafiri au ukumbini, mkumbushe kwa adabu. Tukumbuke kisa cha yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Masahaba walitaka kumvamia, Mtume (S.A.W.) akawazuia mpaka alipomaliza, kisha akaamrisha pamwagiwe maji na akamfundisha bedui yule kwa upole heshima ya mahali pale. Pahali palisafishwa, na mtu naye hakuvunjwa. Tunatakiwa tuyapate yote mawili.

Ndugu msomaji, hewa ni neema ambayo Mwenyezi Mungu (S.W.) ametupa bila ya malipo, na tunaivuta kwa zamu kutoka kifuani kwa huyu kwenda kifuani kwa yule. Tuilinde popote tunapokutana, hata pale ambapo hakuna askari wala kifungu cha sheria, kwani Muislamu ni yule ambaye wenzake wamesalimika naye.

Mwenyezi Mungu (S.W.) awalinde vijana wetu, awape shifaa walionaswa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno na kufuata yaliyo mema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.